Boti iliyoitwa Mimi

Juzi kijiweni ulizuka ubishi, eti boti ya vita inaweza kupanda mlima? Jamaa mmoja akacheka mpaka kahawa ikampalia. Nikamwambia tulia mshkaji, zilikuwepo mbili, tena moja ikiitwa Mimi. Siyo mimi huyu ninayekuandikia, usije ukachanganya mambo!

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka 1915 Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto, na Ziwa Tanganyika liko mikononi mwa Wajerumani. Wanatamba na vimeli vyao vya Kingani na Hedwig von Wissmann, na pale Kigoma wanaunda kigogo chenyewe, Graf von Götzen. Wabelgiji wa ng'ambo ya Kongo wamenywea. Ndipo mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, akaenda London na wazo lake: pelekeni boti ndogo zenye mbio, hao Wajerumani hawataziweza.

Wakubwa wa jeshi la maji la Uingereza wakakubali. Zikachukuliwa boti mbili zilizoundwa na kampuni ya Thornycroft, za mbao, urefu futi 40 na upana futi 8. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli na ilikimbia noti 19, yaani karibu kilometa 35 kwa saa. Mbele ikafungwa mzinga mdogo, nyuma bunduki ya rasharasha. Lakini zilikuwa na kasoro: mzinga ilibidi upigwe kuelekea mbele tu. Ukiugeuzia pembeni, kishindo chake kingeweza kuipindua boti na mabaharia wake wote.

Kamanda alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, bwana wa majigambo, mwili umejaa chale za michoro na kiunoni anavaa sketi! Alitaka boti ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakagoma. Akarudi na Mimi na Toutou, wakapitisha. Kumbe ni yale yale, maana hivyo ndivyo alivyosema watoto wa Kifaransa wanavyowaita paka na mbwa. Mjini tunasema kawapiga chenga ya mwili.

Juni 1915 boti zikapakiwa melini hadi Cape Town, kisha treni hadi Fungurume kule Katanga. Hapo reli ikaisha, na mbele imekaa milima ya Mitumba. Sasa cheza na hiyo! Matrekta mawili ya mvuke yakavuta, yakishindwa wanaingia maksai, maksai wakishindwa zinavutwa kwa kamba. Madaraja zaidi ya 100 yakajengwa msituni. Halafu treni tena, mto Lualaba, treni tena, mpaka Oktoba zikafika ziwani, pale panapoitwa Kalemie leo.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja tu baada ya Krismasi, Kingani ikajipitisha. Mzinga wake ulitazama mbele tu, basi Mimi na Toutou zikaijia kwa nyuma. Dakika kama 11 hivi mchezo ukaisha, kamanda wa Kijerumani kafa, meli imetekwa. Ikabatizwa Fifi na kupewa mzinga mkubwa zaidi. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi na Fifi wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mdharau mwiba mguu huota tende!

Lakini subiri, usishangilie mapema. Ile Graf von Götzen ilipojitokeza, Bwana Sketi akagoma kabisa kwenda kupambana nayo. Na Juni 1916 alifika Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, akaiona mizinga juu ya ngome, akarudi nyuma. Wajerumani wakatoroka usiku kwa majahazi. Baadaye ikabainika kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao! Aibu yake, bwana.

Graf von Götzen nayo haikuzamishwa na mtu. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanaikimbia Kigoma, wakiwa wamezipaka injini grisi zisioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Ndiyo hiyo hiyo Liemba iliyowabeba bibi na babu zetu na magunia yao ya dagaa.

Sasa nikuulize swali, msomaji wangu. Spicer-Simson alipewa nishani, na vitabu vikaandikwa. Mwaka 1951 ikatoka hata sinema, The African Queen, kutokana na hadithi iliyochota humo humo. Lakini nani aliyekata miti ya madaraja yale? Nani aliyejitwika maji kichwani ili matrekta yasikauke njiani? Ni wanaume na wanawake wa vijiji vya Kongo, ambao vita ile haikuwa yao. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi haziandikwi majina.

Kwa hiyo ukikutana na mzee wa kandokando ya ziwa lile, mnunulie kahawa umuulize babu yake alisimulia nini. Pengine jina la boti analijua kila mtu, ila la aliyeivuta analijua yeye peke yake.

Tukutane wiki ijayo. Na kijiweni msipigane, bishaneni kwa hoja!