Mgeni Rasmi Hauzi Kitabu

Kila likizo ya shule, mahali fulani kati ya Kitale na Bungoma, kuna kitabu kinachozinduliwa. Mahema hukodishwa, viti vya plastiki hupangwa, kuku huchinjwa, na wapwa wa mwandishi huvaa fulana zenye picha ya jalada. Mgeni rasmi aliyealikwa saa nne hufika saa nane. Husoma jina la kitabu kwenye bango kwa sababu hajakifungua, huhutubu kuhusu barabara na uchaguzi ujao, kisha hununua nakala kumi kwa shilingi elfu hamsini. Watu hupiga makofi. Msaidizi wake huzibeba nakala hadi kwenye buti la gari, na hapo ndipo kitabu kinapozikwa.

Hatumlaumu mheshimiwa. Pesa zake zinapokelewa kwa mikono miwili, hasa kama mwandishi bado anadaiwa na mpiga chapa. Tunachosema ni kwamba nakala iliyonunuliwa kwa heshima haisomwi, na isiyosomwa haina la kusema. Shemeji aliyenunua kwa kuwa alikuwa amekaa mstari wa mbele ataiweka juu ya kabati la televisheni, karibu na kalenda ya Sacco, na mwaka ujao utaikuta palepale. Nakala kumi hizo zingeuzwa kwa shilingi mia nne kila moja kwa kinyozi, mwalimu wa darasa la nne, muuza dawa za mifugo na mama wa saluni, zingeleta shilingi elfu nne tu. Lakini zingeleta pia midomo kumi, na kila mdomo una wateja wake.

Kamukuywa si mji mkubwa. Ni soko lililo kando ya barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale, katika eneo bunge la Kimilili, na kila matatu inayosimama hapo hushusha abiria pamoja na habari. Bei ya gunia la mahindi ikibadilika Kitale asubuhi, hapa inajulikana kabla ya chakula cha mchana. Mtu akifunga duka bila kuaga, kufikia jioni sababu tatu zimekwisha kupatikana, na moja huenda ikawa ya kweli. Mahali kama hapa mwandishi aliyejichapishia kitabu hana haja kubwa ya bango. Ana haja ya jambo ambalo watu watataka kulisema, na nakala ya kumpa anayeuliza.

Kujichapishia si aibu wala si jambo geni. Shaaban Robert mwenyewe, mwishoni mwa maisha yake, alitoa vitabu Tanga kupitia kampuni yake, Art and Literature. Ben Mtobwa, aliyemuumba mhusika Joram Kiango, alikuwa na Heko Publishers huko Dar es Salaam. Hakuna anayewaita watu hao waandishi wa pembeni.

Ila anayefaa kuchunguzwa zaidi na mwandishi wa Kenya ni David Maillu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha Comb Books jijini Nairobi na kuanza kutoa vitabu vyake mwenyewe: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974. Vilikuwa vitabu vidogo, vya bei nafuu, vyenye mambo ambayo mtu hayasomi mbele ya mkwewe. Wahakiki wengi walivibeza. Mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku, na sote tunajua marufuku humfanyia mwandishi nini. Lakini ni kosa kudhani kwamba viliuzwa na uchafu peke yake. After 4.30 ilihusu makarani na wapiga taipu wa ofisini na yanayowapata baada ya saa za kazi. My Dear Bottle ni mlevi anayezungumza na chupa yake. Karani alikisoma kitabu, akajiona, akampa karani wa meza ya pili. Kampuni haikudumu, kwa hiyo hatumpendekezi Maillu kwa uhasibu. Tunampendekeza kwa kujua nani angezungumza juu ya kitabu chake, na wapi.

Swali hilo waandishi wetu wengi hawajiulizi. Ukiwauliza kitabu ni cha nani, watasema ni cha kila mtu. Cha kila mtu hakina wa kukitangaza. Mwalimu mstaafu aliyeandika miaka yake ya kufundisha ana wasemaji tayari, nao ni wastaafu wenzake na wanafunzi wake wa zamani, ambao watakifungua kwanza kutafuta kama wametajwa. Aliyeandika kuhusu ufugaji wa kuku aende kwa muuza chakula cha kuku, akae pale siku nzima ya soko. Na lugha ifuate midomo. Kitabu cha Kiingereza kizito, kilichoandikwa kumridhisha profesa, hakiwezi kusimuliwa kwa dakika mbili kwenye steji ya bodaboda.

Mmarekani mmoja, E. Lynn Harris, alilielewa jambo hili vizuri. Alikuwa ameacha kazi ya kuuza kompyuta. Mwaka 1991 alijichapishia riwaya yake ya kwanza, Invisible Life, mjini Atlanta, akaitembeza kwa gari lake. Hakungoja maduka makubwa. Alipeleka nakala kwenye saluni za wanawake weusi, akaziacha hapo zisomwe na wateja wanaosubiri zamu. Mwanamke anayesukwa hukaa saa tatu. Atasoma, atacheka, jirani yake atauliza anacheka nini, na akimaliza kusukwa kabla hajamaliza sura atataka kujua kitabu kinauzwa wapi. Mwaka 1994 kampuni ya Anchor ilikichukua kitabu hicho na kukitoa upya, na Harris akawa miongoni mwa waandishi waliouza sana nchini kwake. Saluni Kamukuywa zipo. Kimilili zipo nyingi zaidi. Tungependa kusikia ni mwandishi gani wa hapa amewahi kuacha nakala hata kwenye moja.

Ken Walibora, aliyezaliwa Baraki, Bungoma, hakujichapishia riwaya yake, Siku Njema. Longhorn ndio waliokitoa mwaka 1996, na shule zikakisukuma mbele. Hata hivyo wengi wetu tulikisikia kikisimuliwa bwenini kabla ya kukishika, safari yote ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale, na bado hatujakutana na msomaji anayejua kilizinduliwa wapi na mgeni rasmi alikuwa nani.

Waandishi wengine hujifariji kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wakabaki nyumbani kungoja. Chema kilichofungiwa kwenye katoni chini ya kitanda hakijiuzi. Na kuna vingi vinavyoitwa vyema ambavyo bado si vyema. Tumewahi kushika nakala ambayo ukiifungua kwa nguvu kidogo ukurasa wa 48 unabaki mkononi. Mhusika mkuu ni Nafula ukurasa wa tano na Nafuna ukurasa wa thelathini. Jalada la nyuma lina picha ya mwandishi akiwa amevaa joho la mahafali, lakini halina neno hata moja kuhusu hadithi yenyewe. Msomaji wa kitabu kama hicho akiulizwa kikoje, atajibu kwamba kinanyofoka, na jibu hilo ndilo litakalofika Kiminini. Mlipe mhariri kabla ya kukodi hema. Anza na nakala hamsini kwenye mashine ya dijitali. Kila moja itakugharimu zaidi kuliko ungechapa elfu, lakini makosa nayo yatakuwa kwenye nakala hamsini tu.

Jambo la kusahihisha lina uzito wa pekee hapa kwetu, kwa sababu wengi wanaandika mila na koo. Soko lipo. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wavulana wa Kibukusu hupashwa tohara, na siku za kabla yake huzunguka wakigonga kengele za chinyimba na kuwaalika jamaa kwa miguu yao wenyewe. Kila baba mwezi huo ana maswali ambayo angemuuliza babu yake kama angekuwa hai. Tena mzee mkubwa akifa, baada ya maziko huitwa msemaji wa kumuse, akatembea mbele ya umati akieleza koo zilikotoka na zinavyohusiana. Manguliechi alipata jina Bungoma na Trans Nzoia kwa kazi hiyo, na watu walimwendea bila kuitwa na bango. Umati huohuo ndio utakaokihukumu kitabu chako. Kosea ukoo mmoja, au bahatisha habari za Elijah Masinde, aliyetoka hapahapa Kimilili na kuanzisha Dini ya Msambwa, halafu uone. Mzee mmoja atasimama matangani aseme kile kitabu kinadanganya, na biashara imekwisha hadi Chwele.

Dawa yake si ngumu. Peleka mswada kwa wazee watatu wa koo tofauti kabla ya kuupeleka kwa mpiga chapa, na usiwaharakishe. Watakurudisha nyuma mwezi mzima, labda zaidi. Lakini mzee aliyekurekebisha jina la mto au la nyanya yake atakitaja kitabu hicho kila aendako, kwa kuwa sasa ni chake pia. Hakuna tangazo la redio linalolingana na hilo.

Sifa ikishaanza haingoji. Mwalimu wa Misikhu amesikia habari za kitabu Jumapili kanisani, Jumatatu anapiga simu. Mwandishi anamwambia nakala zimebaki Nairobi, asubiri wiki mbili. Mashine ya fotokopi sokoni haihitaji wiki mbili. Kwa hiyo kabla ya kumwomba mtu yeyote akusemee, weka nakala chache kwa kinyozi na chache kwa muuza vifaa vya shule, mkubaliane kwa maandishi bei, sehemu yake na siku ya kuhesabiana. Ukurasa wa mwisho uwe na nambari ya simu inayopokewa na nambari ya M-Pesa. Chukua ISBN kutoka Shirika la Huduma za Maktaba, ili duka la mbali likitaka kukiagiza lijue linaagiza nini. Na jina la kitabu liwe fupi, mtu aweze kulitamka akiwa juu ya pikipiki.

Kuhusu pesa, tuseme umechapa nakala 300 kwa shilingi 250 kila moja. Hizo ni shilingi 75,000, na ndani yake imo VAT ya asilimia 16 ambayo sheria ya mwaka 2013 iliiweka juu ya vitabu na ambayo sisi tunaiona kuwa kodi ya kuadhibu kusoma. Uzinduzi wa watu mia mbili unaweza kumeza pesa nyingine kama hizo kwa mchana mmoja. Badala yake toa nakala 30 bure. Zimekugharimu shilingi 7,500. Usimpe mbunge wala binamu. Mpe mtu anayesoma na asiyejua kunyamaza: mwalimu anayeongoza klabu ya drama, mwenyekiti wa akina mama kanisani, dereva wa matatu ambaye abiria wa mbele hawapumziki naye. Mwambie akiona kitabu hakifai akuambie wewe, na akiona kinafaa amwambie mwenzake. Nakala ya 31 ilipiwe, hata kama anayeitaka ni dada yako.

Wasomaji nao wana lao. Mtu atamaliza kitabu usiku mmoja, akisifu kwa jirani, kisha akiazime nyumba sita hadi jalada litoke. Kuazimana ni kuzuri, tena ndiko kunakoanzisha mazungumzo, lakini nyumba ya tatu ingeweza kununua. Wengine husifu mbele ya mwandishi wakiwa hawajavuka ukurasa wa pili. Heri umwambie ukweli kwamba sura ya kwanza imekushinda.

Tunaelekeza maneno ya mwisho kwa wenye bajeti. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zinunue nakala tano za kila kitabu kizuri kinachotoka kwa mwandishi wa hapa, ziwekwe katika maktaba kama ya Kimilili, na mwandishi alipwe ndani ya siku thelathini. Mwalimu mkuu anayemwita mwandishi Ijumaa azungumze na wanafunzi asimwachie soda na asante tu. Anunue nakala mbili za shule, na alipe kabla pikipiki ya mgeni haijawashwa.