Dishi Lipi Litufae?

Panda juu ya sakafu ya nyumba yoyote ya ghorofa katika Mji wa Kale wa Mombasa, kisha utazame huku na huku. Masahani ya televisheni yameota kama uyoga baada ya masika, lakini hayana kibla kimoja. Mengine yamelala chali, yatazama utosini. Mengine yameinamia magharibi kana kwamba yanachungulia Changamwe. Na yapo yale makubwa ya wavu wa chuma, yaliyokaa peke yake kama mzee asiyetaka kusemeshwa. Kila upande una kampuni yake, na kila kampuni ina bei yake na maneno yake matamu.

Swali ninaloulizwa barazani, na hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, ni hili: "Bwana, wewe mtu wa magazeti, watuambia tununue lipi?" Leo nitalijibu kwa urefu kidogo, maana naona watu wanalichukulia kuwa jambo la fundi na nyaya tu. Ni jambo la pesa za nyumba pia. Tena, kwa sisi wenye lugha hii, ni jambo la maneno gani yatakuwa vinywani mwa wajukuu wetu.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Setilaiti hizi zimewekwa juu ya mstari wa ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, na huzunguka sawasawa na dunia hata tukaziona kama hazibanduki. DStv huitumikia nchi yetu kwa setilaiti iliyoko nyuzi 36 mashariki. Mombasa iko karibu nyuzi 40 mashariki, na kusini ya ikweta kwa nyuzi 4 tu. Ndiyo sababu sahani ya DStv hapa kwetu hutazama juu karibu wima. Azam hutumia nyuzi 7 mashariki, mbali kule juu ya Ghuba ya Guinea, kwa hivyo sahani yake haina budi kuinamia magharibi. Basi fundi akikuahidi kuwa atakupatia zote mbili kwa sahani hiyo hiyo moja, mpe chai yake na umuage.

Jambo hili laonekana dogo, lakini nimeona watu wakipoteza pesa kwa kutolijua. Mwenye mnazi mrefu magharibi ya nyumba yake atasumbuka na Azam kila upepo unapovuma, ilhali jirani yake wa DStv hana habari na makuti. Mvua ya masika ikishuka kwa nguvu, sahani ndogo zote huzimika kwa muda, hata kampuni iwe ya nani, kwa kuwa mawimbi yale mafupi hunyonywa na maji. Sahani kubwa ya wavu hustahimili zaidi. Chumvi ya bahari nayo haina rafiki. Paka rangi vyuma vyako kabla ya kutundika, wala usingoje kutu ikufundishe.

Sahani hiyo kubwa nataka niisemee neno, kwa sababu vijana wanaidharau. Hiyo haina malipo ya mwezi. Ukishaigharimia siku ya kwanza umemaliza. Hupokea matangazo ya bure, na katika hayo mna chaneli ya Saudia inayoonyesha Msikiti wa Makka usiku na mchana. Saa zetu na za Makka ni zile zile, tena mji wa Mombasa na mji wa Makka viko karibu kabisa katika mstari mmoja wa longitudo, na ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Mwezi wa Ramadhani, wenzetu wa Makka huichelewesha Isha. Mtu hurudi nyumbani kutoka tarawehe ya mtaani kwake, akamkuta bibi yake ameketi mbele ya televisheni, na Makka ndio kwanza wanaanza. Nyumba nyingi za wazee ninazozijua hazihitaji kitu zaidi ya hicho na taarifa ya habari. Lakini watoto wao walioko Ghuba wakileta pesa, hununuliwa kifurushi cha chaneli mia na zaidi, na mzee hajui hata kidude cha kubadilishia kinashikwaje. Sijui kama kuna jina jingine la jambo hilo isipokuwa israfu.

Sasa tuje kwenye kampuni zenyewe. DStv ilitangulia, katikati ya miaka ya 1990, na kwa muda mrefu ilitamba peke yake uwanjani. Mwaka 2007 ikaja GTV kwa vishindo, ikanunua haki nyingi za ligi ya Uingereza na kuuza kwa bei nafuu. Watu wakafurahi. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ikafunga milango ghafula, na wateja wakabaki na visanduku visivyokuwa na kazi ila kuwekewa maua ya plastiki juu yake. Baadaye wakaja Zuku, wakaja StarTimes wa Wachina, na mwisho wa mwaka 2013 Azam ikaanzishwa Tanzania na kundi la Bakhresa, ambaye wengi wetu tulimjua kwa unga na aiskrimu kabla ya kumjua kwa picha. Mwaka 2015 matangazo ya zamani ya analogi yalipozimwa nchini, hata asiyetaka kumlipa mtu yeyote alilazimika kununua kisanduku. Na mwezi wa Septemba mwaka 2025, MultiChoice, wenye DStv, wakaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Nayataja haya yote kwa sababu moja: kampuni hizi huja na huenda, hununuliwa na hufungwa. Basi ukiambiwa ulipe mwaka mzima mbele ili upunguziwe kidogo, ikumbuke GTV.

Kwenye mpira ndipo penye mtego mkubwa. Kijana akitaka ligi ya Uingereza, ukweli ni kwamba miaka yote hii amelazimika kumfuata DStv na SuperSport yake. Lakini ligi ile huchezwa kuanzia Agosti hadi Mei. Hakuna aliyekuandikia kwamba ulipe Juni na Julai. Visanduku hivi ni vya kulipa kabla, si vya deni, na mwezi usiolipa hufungwi jela. Wako watu hulipa kwa M-Pesa kila mwezi kama walipavyo kodi ya nyumba, na kwa miezi miwili hiyo chaneli ya mpira inawarudishia mechi za zamani. Tena nauliza, hivi mpira hutazamwa peke yako chumbani? Raha ya mpira ni makelele. Vibanda vipo mitaani, na anayelipia haki ya kuonyesha hadharani apewe riziki yake. (Anayetumia kadi ya nyumbani kuonyeshea watu hamsini, huyo ajue mkataba wake unamkataza.)

Kwa mpira wa nyumbani hesabu ni nyingine. Azam walitia saini na shirikisho la Tanzania mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa shilingi za kule bilioni 225.6, na mwaka 2023 wakafunga mkataba na shirikisho la Kenya. SuperSport walikuwa wameitupa ligi yetu tangu mwaka 2017. Kwa mtu wa Mombasa anayeipenda Bandari, au mtu wa Vanga mwenye wajomba Tanga wanaogombana juu ya Simba na Yanga, hapana haja ya kufikiri sana.

Nimefika sasa penye jambo linalonikereketa hasa, nalo ni lugha.

Hata majina ya vitu hivi yana hadithi. Huku tumezoea kusema king'amuzi, kitu cha kung'amua. Ukivuka Horohoro utasikia pia kisimbuzi, kwa kuwa kinafumbua yaliyosimbwa. Dishi tumelichukua kwa Mwingereza tukalipa ngeli, lakini wako waliolifananisha na ungo, na mimi napenda hilo kuliko yote. Ungo ni kitu cha jikoni kwetu, hupepeta mchele na kutenga pumba, na katika ngano za bibi zetu ulikuwa na kazi nyingine ya usiku ambayo sitaitaja hapa. Lugha iliyoweza kukipa jina kitu kilichoshuka kutoka mbinguni haijachoka.

Lakini je, kinachotoka ndani ya ungo huo ni Kiswahili cha nani? Azam imefanya kazi ambayo hapana budi kuisifu. Tamthilia za Kituruki hutiwa sauti za Kiswahili, na mama asiyejua Kiingereza wala Kituruki hucheka mahali pa kucheka na hulia mahali pa kulia. StarTimes nao wana chaneli yao ya Kiswahili. MultiChoice wana Maisha Magic. Miaka thelathini iliyopita hapakuwa na hata nusu ya hayo. Tulikuwa tukitazama picha za Kihindi, na aliyewahi kuishi karibu na Wahindi ndiye aliyekuwa mfasiri wa nyumba nzima, na mara nyingi alitutilia chumvi.

Basi neema ipo. Lakini sikiliza watoto wa Kisauni na wa Majengo wanavyosema siku hizi. Kiswahili chao ni kizuri, safi, chenye madaha ya Dar es Salaam. Hapana ubaya, Dar es Salaam ni ndugu. Ila Kimvita kinapukutika. Bibi akimwita mjukuu, "Ndoo hapa," mjukuu anakwenda msalani kuleta ndoo ya maji. Akiambiwa afumbue mato, hajui ni kitu gani. Nti, ndia, kuteka, maneno haya yalikuwa ya kila siku katika nyumba hizi hizi. Na Kiamu kina hali gani, na Kibajuni? Hakuna kisanduku hata kimoja kati ya hivi vinavyogombaniwa madukani kinachotutangazia kwa lahaja hizo saa moja kwa wiki.

Kampuni zitasema hakuna watazamaji. Sikubali. Ilipoanza tamthilia ya Sultana katika Citizen mwaka 2022, yenye watu na mandhari ya Pwani, ilitazamwa na bara zima, na Citizen ni chaneli ya bure. Kama hadithi ya Pwani yaweza kumkalisha mtu wa Nyeri na mtu wa Kisumu kitini baada ya chakula cha usiku, vipi isilipiwe na wale wanaokusanya pesa zetu kila mwezi? Taarabu tunayo, mashairi tunayo, Maulidi ya Lamu huvuta watu kutoka nchi za mbali kila mwaka. Ninavyoona mimi, mteja wa Pwani anayekwenda dukani aulize kwanza, kabla ya bei, "Mna nini cha kwetu?" Muuzaji akisikia swali hilo mara mia, atalipeleka kwa wakubwa wake.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na mwenye wake bora na aulete. Chukua daftari, uliweke juu ya televisheni ya jirani au ya shemeji kwa wiki moja, na watu wa nyumba yako waandike walichokitazama kweli, si wanachodhani watakitazama. Nimeshuhudia nyumba tatu zikifanya hivyo. Hakuna iliyovuka chaneli tisa. Nyumba yenye wazee na watoto wa madrasa, isiyokuwa na mgonjwa wa ligi ya Uingereza, naiona itafaidi zaidi kwa sahani ya bure pamoja na kifurushi kidogo cha Azam, na pesa zinazobaki ziende kwenye ada. Nyumba yenye vijana wa mpira, DStv kwa miezi ya ligi tu. Mwenye intaneti nzuri nyumbani huenda asihitaji yoyote kati ya hizo, lakini na apige hesabu ya bando zake kwa uaminifu. Na kisanduku chochote utakachonunua, siku hiyo hiyo weka namba ya siri ya kufungia chaneli zisizofaa watoto. Vyote vinaruhusu. Usimwachie mtoto wa miaka kumi na miwili akuwekee wewe. Kati ya Magharibi na Isha kizimwe, maana saa hiyo ilikuwa ya chuoni kabla ya setilaiti kurushwa.

Bado neno la mkataba. Kampuni moja, jina lake nalihifadhi, ilinitia mkononi karatasi nne za kusaini, zote kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama chawa. Nilimwomba karani nakala ya Kiswahili. Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa. Na dukani humo, ukutani, palikuwa na tangazo kubwa la rangi lenye Kiswahili fasaha kabisa, la kutualika tujiunge. Kumbe Kiswahili wanacho wakati wa kutuita, ila wakati wa kutufunga hawana. Na kifungu kinachosema siku zako zinaendelea kuhesabiwa hata umeme ukikatika wiki nzima, kimo katika karatasi ya tatu, chini.

Sikusaini. Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kuomba mkataba huo kwa Kiswahili, nikaipeleka mwenyewe, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa. Huu ni mwezi wa pili, na barazani bado wananiuliza kama nimejibiwa.