Tairi Kuukuu la Lori

Mkulima mwenye lori la kuchukulia mahindi hulitazama tairi lake, akaona kashata bado ni ndefu, akasema litamfaa mavuno mawili zaidi. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ina kosa. Lori la shamba hukaa juani miezi mingi bila kazi, na tairi huzeeka hata likisimama: jua na hewa huukausha mpira, ukafanya nyufa ndogo ndogo ubavuni.

Basi tafuta umri wake. Mwisho wa maandishi yaanzayo na DOT pana tarakimu 4. 2314 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. (Huenda zimo upande wa ndani, yakupasa kuingia uvunguni.) Ukikuta 3 tu, ni la kabla ya mwaka 2000, wala halina mjadala.

Huko Uingereza, mwaka 2012, basi lilipasukiwa tairi la mbele lenye miaka 19, wakafa watu 3. Nalo halikuwa limekatazwa na sheria. Tangu Februari 2021 matairi yaliyopita miaka 10 yamekatazwa huko katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Fedha ikiwa haba, anza na mawili ya mbele, kwani hayo ndiyo yashikayo njia, na utingo wako yu juu yake. Lililotolewa likate uwanyweshee mbuzi. Usimwuzie jirani mwenye lori.