Beji ya Vita: Itazame Mgongoni

Kukusanya vitu vya kale ni uraibu mzuri, lakini haukosi matapeli. Juma hili tuangalie beji na hati za Wajerumani za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945. Halisi zipo nyingi, na za kughushi nazo ni tele. Asiyejua hutoa pesa nzuri akaondoka na bati la jana.

Kwanza, igeuze beji. Beji za chama cha Nazi zilisimamiwa na afisi moja, Reichszeugmeisterei. Alama yake ni herufi RZM ndani ya duara, pamoja na M1 na nambari ya mtengenezaji. Maneno "Ges. gesch." si jina la kiwanda, maana yake ni kwamba muundo umelindwa kisheria. Afisi hiyo ilikuwa ya chama, si ya jeshi. Ukiikuta RZM kwenye nishani ya kijeshi, ingia shaka.

Pili, tarehe isikupumbaze. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao bila swastika. Hivyo basi, Msalaba wa Chuma wenye majani ya mwaloni katikati ulitengenezwa baada ya vita, ingawa umeandikwa 1939.

Tatu, uliza bei kwa akili. Vibeji vya Winterhilfswerk, mchango wa majira ya baridi, walipewa watu waliotoa senti chache barabarani. Vilitengenezwa mamilioni, vya kioo, kaure, mbao na hata karatasi. Havina uadimu wa kukufilisi.

Tuje kwenye hati. Soldbuch ndicho kitabu alichobeba askari mfukoni. Wehrpass ilibaki afisini mwa kikosi chake muda wote alipokuwa jeshini. Muuzaji akikwambia Wehrpass yake ilitolewa mfukoni mwa askari vitani, hadithi hiyo imejisuta yenyewe. Chunguza muhuri: ulioanzia kwenye picha uendelee sawasawa kwenye ukurasa. Kisha imulike karatasi kwa taa ya zambarau, kama ile ya kukagulia noti. Iking'aa samawati nyeupe, ina dawa ya kung'arisha iliyoenea katika karatasi baada ya vita.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Soldbuch ina jina la mtu, tarehe yake ya kuzaliwa, na anwani ya mkewe au wazazi wake. Huenda hakurudi nyumbani, na wajukuu hawajui alikoishia. Ukiwa nacho kitabu kama hicho, usikichane kuuza kurasa mojamoja. Nakili jina na nambari ya kibati chake cha shingoni, uiandikie Bundesarchiv ya Ujerumani, ambayo tangu 2019 ndiyo inayotunza kumbukumbu za askari hao. Beji utaipata nyingine, lakini kitabu cha mtu ni kimoja tu.