Nyanya masalo si aibu, aibu ni kuzitupa

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, test zilinibana mpaka nikasahau kama nina ukurasa huu. Leo nimepata upenyo, na nina dukuduku moja ambalo nisipolitoa sitalala. Linahusu nyanya. Msicheke.

Wengi mnajua sisi tunakaa geto nje ya chuo, watatu chumba kimoja, hapa hapa Morogoro. Hela ya chakula tunachanga kila wiki. Jumamosi iliyopita zamu ya sokoni ilikuwa yangu, na bumu lilishakata kwa wote watatu, kwa hiyo mchango wenyewe ulikuwa wa kuungaunga. Nikafika Mawenzi jua la saa nane, nyanya nzuri sado moja haishikiki. Pembeni kuna mama ana masalo, zile zimeiva mpaka zimelegea, nyingine zimepasuka. Nikampa shikamoo, nikabembeleza. Akasema, "Chukua mwanangu, kesho hizi hazitakuwa zangu wala zako." Sado nzima kwa bei ya fungu! Akaniongezea na chane moja ya ndizi mbivu ambazo ganda lilishakuwa jeusi.

Nikarudi geto nimefurahi kama nimefaulu mtihani. Kabla sijaanza kuzichambua wakaingia wageni, wenzetu wa kozi, walikuja kudiskasi. Mmoja akaliona beseni, akaguna: "He! Nyie mnakula masalo?"

Mwenzenu hapo hapo nikajibu: "Aka! Hizo za kuku wa mama mwenye nyumba."

Uongo ulitoka wenyewe, hata sikuupanga. Rumeti wangu naye, ili kunisitiri, akabeba beseni zima na ndizi juu yake, akapeleka kweli uani. Usiku tukala ugali na dagaa wakavu, hakuna nyanya wala hela ya nyanya. Hakuna aliyesema kitu.

Asubuhi mama mwenye nyumba akatugongea: "Wanangu, asanteni jamani. Kuku nimewatupia zile tatu zilizooza, zilizobaki nimeungia maharage. Ndizi wajukuu wamemaliza zote." Tukatazamana tu.

Sasa hoja yangu ni hii. Wengi wetu tukitupa tunda lililoiva sana huwa tunasema ni usafi, tunaogopa magonjwa. Si kweli. Tunatupa kwa sababu tunaona aibu kuonekana hatuna. Mimi siku ile sikuogopa kuumwa tumbo hata kidogo, niliogopa mdomo wa mtu. Na kwa ajili ya mdomo wa mtu watu watatu tulilala na njaa ya mboga.

Na hatuko peke yetu. Ripoti ya UNEP, lile Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, yakiwemo maganda na mifupa, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Siyo hotelini, siyo dukani. Majumbani, kwangu na kwako.

Halafu tuulizane, ndizi yenye ganda jeusi ina kosa gani? Tunda likiiva, wanga unageuka sukari, ndiyo maana ndizi iliyoiva sana ni tamu kuliko ile ya njano inayong'aa. Ganda limezeeka, ndani bado pako salama. Wahaya wanatengeneza lubisi kwa ndizi zilizoiva, Wachaga mbege yao inaanzia kwenye ndizi mbivu, na Waganda wanaziponda na unga wa muhogo wakakaanga kabalagala. Hao wote hawakusubiri ndizi nzuri ya kupigia picha.

Nyanya nazo, mchuzi mzito unatoka kwenye nyanya iliyolegea. Zioshe, kata sehemu mbovu, zichemshe kidogo ganda litoke, ponda, weka chumvi na mafuta kidogo, acha ikauke jikoni mpaka iwe rojo. Kama huna friji kama sisi, pika ya kutosha leo na kesho tu, na uichemshe asubuhi na jioni, usijidanganye kwamba itakaa mwezi. Ndizi ponda mbili, changanya na unga wa ngano, chumvi chembe, iliki kama ipo, mwaga kwenye kikaango kama chapati za maji. Sukari huweki. Mchicha ulionyauka loweka kwenye maji baridi nusu saa uone unavyoamka. Embe na papai lililolegea ni juisi, tena tamu. Na ndizi mbivu usizifungie boksi moja na nyanya au parachichi, kwa sababu zinatoa gesi ya ethilini inayoharakisha vingine kuiva. Tukilijua hilo tu, hata kutupa kutapungua.

Najua kuna wa kuniambia "we dada utatuua." Nakubali, mpaka upo. Laini si sawa na kuoza. Tunda likiota ukungu, likitoa povu, likinuka pombe au likiteleza, hilo tupa lote, usikate pembeni ukala kwingine, maana kwenye tunda laini ukungu unaingia ndani kuliko unavyouona. Ukungu si wa kuchezea: sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo sisemi tule kila kitu. Nasema tutumie macho na pua zetu kuamua, tusimtumie jirani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ni walimu watarajiwa. Mwakani tunaenda TP, tutasimama mbele ya watoto tuwafundishe kuhifadhi chakula, tutachora ubaoni jinsi ya kutengeneza jemu, na tutawapa maksi. Mtoto akirudi nyumbani akamkuta mama yake anachambua masalo, je, tutakuwa tumemfundisha kujivunia mama yake au kumficha? Mimi Jumamosi ile nilifeli somo hilo, tena bila kuulizwa swali gumu.

Basi jana nimerudi Mawenzi kwa mama yule yule. Nikanunua masalo sado moja, nikapita nayo katikati ya geto beseni kichwani, saa ambayo kila mtu yuko nje anafua. Yule dada wa kozi alikuwepo. Nikamwambia, "Karibu saa moja, leo tuna maharage ya nyanya." Alicheka, nikadhani hatakuja.

Alikuja na sahani yake.

Ni hayo tu kwa leo. Je, nyie mnasemaje? Kuna aliyewahi kuficha beseni kama mimi, au ni mwenzenu tu? Semeni ukweli, hapa tunajuana. Ngoja nikalale, kesho nina kipindi saa moja asubuhi na huyo mwalimu akishaingia mlango haufunguki tena. Alamsiki!