ASIDI YA FOMIKI SI MAJI



Katika viwanda vya ngozi twabeba mitungi ya asidi ya fomiki. Hutiwa pamoja na chumvi kutayarisha ngozi, na tena baadaye ili rangi ishike. Haina rangi, mtu akiiona atadhani ni maji. Wengine huambiwa, "Hii ni jamaa ya siki tu." Sisi twasema maneno hayo ni ya hatari.

Kweli ni jamaa ya siki, na ndiyo ndogo kabisa katika ukoo huo. Lakini wenzetu wa Pwani wawajua majimoto, wale chungu wekundu wa miembeni. Yale maji yao yawashayo ni asidi hii hii. Mwaka 1671 Mwingereza John Ray alieleza jinsi ilivyopatikana kwa kuchemsha chungu na kukusanya mvuke. Siku hizi viwanda huitengeneza kwa methanoli na hewa ya kaboni monoksidi, kisha maji. Chungu ana tone dogo. Mtungi wa kazini una lita nyingi, na mara nyingi nguvu yake ni 85 katika 100.

Kila mfanyi kazi ajue mambo matatu. Kwanza, huunguza mwili, na mvuke wake huchoma macho na kifua. Pili, ikikutana na magadi hutoa povu na hewa. Ikigusa chuma hukila na kutoa hidrojeni, hewa ishikayo moto. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, ikichanganywa na asidi kali ya salfuriki, ambayo nayo hutumika kazini kwetu, huvunjika ikawa maji na kaboni monoksidi. Ndiyo hewa iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Haina harufu ya kumwonya mtu.

Basi je, ni haki mtu kutumwa stoo kuchukua mtungi usio na jina? Matajiri husema wafanyi kazi hawapendi kuvaa glavu. Twajibu: glavu iliyotoboka haina faida hata ikivaliwa. Leteni nzima, nasi tutazivaa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi. Kamati hiyo isiwe ya karatasi tu. Idai mitungi iandikwe kwa Kiswahili, asidi hizi mbili ziwekwe mbali mbali, madirisha yapitishe hewa, na bomba la maji liwe karibu.

Nasi tuna wajibu wetu. Tia asidi ndani ya maji, usitie maji ndani ya asidi. Ikikumwagikia, vua nguo na ujioshe kwa maji mengi dakika zisizopungua 20, kisha uende hospitali. Usichukue mtungi mtupu nyumbani kuwekea maji ya watoto.

Mahali ambapo mitungi haina majina, mwambieni mjumbe wa chama wiki hii hii, kabla mwenzetu hajaumia. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Tukisema sote, tutasikizwa.

Umoja ni nguvu.