Taa wa Bahari, Korongo wa Kinamasi

Maneno "taa" na "korongo" yana maana mbili mbili. Taa inayowaka ni chombo. Taa anayeogelea ni samaki bapa wa baharini. Korongo lililochimbwa na maji ya mvua ni bonde. Korongo anayeruka ni ndege, yule ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Kiumbe mwenye uhai hupewa upatanisho uleule apewao binadamu. Lugha imetimiza wajibu wake. Je, sisi raia tumetimiza wetu?

Shirika la IUCN limewaweka korongo taji na taa mkubwa aitwaye manta katika daraja moja la viumbe walio hatarini kutoweka: korongo tangu 2012, manta tangu 2020. Walakini masaibu yao hayafanani. Manta huvuliwa kwa ajili ya matamvua yake, yanayouzwa Asia kama dawa. Korongo wa Rwanda aliponzwa na uzuri wake: alikamatwa akawekwa katika bustani za nyumba na hoteli awe pambo, huku vinamasi anamotaga vikigeuzwa mashamba.

Mwaka 2014, waliofuga korongo walianza kuombwa wawasajili na kuwasalimisha bila kuadhibiwa. Wengi waliitika. Hesabu ya 2017 iliwapata korongo 487 nchini. Ya 2021 iliwapata 881.

Manta je? Korongo hutaga mayai mawili au matatu. Manta huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka kadhaa. Ndiye mhitaji zaidi, lakini hana jirani wa kushuhudia akipungua.

Huenda mtu wa Gisenyi akasema: sisi tuna Kivu, hatuna bahari, taa hatuhusu. Siafiki. Kila mwaka uvuvi wa sambaza katika Kivu husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane. Hao nao hatuwaoni wakiwa vilindini, lakini tunawatungia sheria, na wavuvi huvumilia.

Zaidi ya hayo, Rwanda ni mwanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Wanachama ndio walioamua mwaka 2013 kuidhibiti biashara ya manta, na humo kila nchi ina kura moja, yenye pwani na isiyo na pwani. Korongo aliokolewa na macho ya majirani. Taa ataokolewa kwa kura za watu ambao hawatamwona kamwe, nasi tumo miongoni mwao.